Ukanda wa Kushoto

6 Februari

Dada mkubwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, miguu juu ya kigoda, na asiwepo mlangoni mwanafunzi wako wa zamani aliyekuja kukuomba umwandikie barua ya kazi kwa ule mwandiko wako. Huku sisi tupo. Wifi yako anakusalimu sana na anasema shuka ulizotuletea ni nzuri mno kulalia, kwa hiyo zimefungiwa kabatini na sisi tunaendelea na zile za zamani. Binti yetu amepata kazi ya kufundisha watoto kuogelea, jambo la ajabu kwa mtu ambaye baba yake akiingia kwenye beseni anaita msaada.

Uliuliza siku hizi nafanya nini. Ni yale yale. Natengeneza tovuti za watu, peke yangu, kwenye chumba ambacho wifi yako anakiita ofisi mbele ya wageni, na stoo wakishaondoka. Mwezi uliopita nilikuwa na mwenye shule ya udereva. Nimempachika jina la Bwana Sogeza Kidogo. Kila nikimwonyesha ukurasa anainamia kioo cha kompyuta, anatikisa kichwa, anasema, "Safi sana, fundi. Ila hicho kitufe, sogeza kidogo." Nasogeza. "Rudisha kidogo." Narudisha. Mwisho kitufe kikatua pale pale nilipokiweka siku ya kwanza, naye akanishika mkono kwa furaha: "Unaona sasa? Tulikuwa tunapatafuta hapo!" Sikubishana. Mtu anayeshinda akifundisha watu kuegesha magari, huo ugonjwa ataukwepaje?

Sasa nimepata mwingine, fundi wa majeneza. Mzee mpole, anaongea taratibu kama mtu ambaye kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Anataka tovuti yenye heshima: picha za kazi zake, namba ya simu, basi. Na anaitaka upesi, kwa hiyo sikuanza upya. Nimechukua tovuti ya nyumba ya wageni niliyoitengeneza mwaka juzi, mwenyewe akaghairi, nami naipunguza huku na kuishonea kule. Kama wewe na yale magauni ya Mama: unageuza kola, unakata mikono, mtu wa nje hajui kitu. Pale palipokuwa na picha za vyumba naweka picha za majeneza. Nikifikiria sana, tofauti si kubwa.

Mimi mzima. Ila mlango wa ofisi umenigonga bega tena wiki hii. Nadhani unavimba kwa joto.

Mdogo wako, msogeza vitufe


24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kigoda kimevunjika mguu, kwa hiyo nimekaa tu. Jirani wa ghorofa ya juu ameanza mazoezi ya kuruka kamba na chokaa ya dari inaniangukia kwenye chai. Nimemwambia aruke akiwa amekaa. Mwambie wifi yangu shuka ni za kulalia, nikija nikizikuta kabatini nitazilalia mwenyewe humo humo kabatini.

Najua unalalamika huko kwamba sipokei simu. Sipokei kwa sababu kwenye simu nikikuuliza jambo la maana unacheka, unamsalimia mtu anayepita, halafu mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Sasa jambo la maana. Wewe ni mimi niliyekufundisha kuandika kabla hujaingia darasa la kwanza, nikikushika mkono, ukinipaka wino. Ulikuwa na mwandiko mbaya tangu hapo, sikatai, lakini ukingo wa karatasi ulikuwa unauheshimu. Barua hii ya juzi, mstari wa kwanza umeanzia mahali pake. Wa pili umesogea ndani. Wa tatu zaidi. Kufika chini, upande wote wa kushoto ni mweupe, maneno yamebanana kulia kama watu wanaokwepa mvua. Kuna nini?

Na huo mlango haujavimba. Ungevimba usingefungika. Unafungika?

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Unafungika.

Tunaendelea vizuri. Wifi yako amezitoa shuka, amezinusa, amezirudisha. Binti anasema kuna mwanafunzi wake mwenye umri wangu ambaye ameshajua kuelea, na alinitazama kwa namna fulani alipokuwa anasema.

Keti nikupe kituko. Ile tovuti ya fundi wa majeneza ilifunguliwa Jumatatu. Nilikuwa nimeikagua kuanzia juu mpaka chini, nikarudia, kisha nikarudia tena na kikombe mkononi. Niliondoa picha ya bwawa. Niliondoa yule mwanamke mwenye taulo anayecheka peke yake. Nikajipongeza. Alhamisi asubuhi mzee akanipigia.

"Mwanangu, samahani kwa kukusumbua."

"Hapana mzee, sema tu."

"Hapa pembeni, kushoto. Haya maneno ni wewe uliyeyaandika?"

"Maneno gani, mzee?"

"Haya makubwa." Akasafisha koo, akanisomea taratibu, kama anasoma tangazo la msiba: "'Ukilala kwetu mara moja, lazima utarudi.'"

Dada, nikaifungua tovuti mbio mbio.

"Na hapa chini yake," akaendelea, "wameandika: 'Tunakusubiri wewe na familia yako yote.'"

Ukanda mzima wa ile nyumba ya wageni ulikuwa umebaki upande wa kushoto, wa rangi ya machungwa, na kajua kanakotabasamu juu yake. Siku tatu ulikaa hapo watu wakiusoma. Mzee hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba alipigiwa simu na mama mmoja aliyemzika mumewe wiki iliyopita kwa jeneza lake. Mama aliyaona hayo maneno, akauliza: "Na wangu, atarudi lini?" Mzee hakujua kama anatania au vipi. Kisha mama akacheka sana. Kisha akalia. Kisha akasema asante, akakata.

Niliuondoa ukanda huo nikiwa bado naongea na mzee. Ilibidi nigeuze kichwa ndipo nikauona, nikaufuta, yakaisha.

Ni haraka tu. Nimejiapiza kutofanya kazi ya mtu kwa haraka tena. Na kuhusu mwandiko, nimehamia meza nyingine, imeinama kidogo.

Mdogo wako, mwenye aibu ya mwaka


22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hamjambo wote? Mimi sijambo, kigoda kimepata mguu mpya mrefu kuliko wenzake.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka jirani akaacha kuruka kamba kusikiliza. Nikaisoma mara ya pili, sikucheka.

Maneno makubwa. Rangi ya machungwa. Jua linalotabasamu. Umeyapita mara tatu, wewe ambaye ulipokuwa mtoto uliona sindano iliyopotea kwenye zulia la Mama kabla yetu sote. Halafu unaniandikia "ilibidi nigeuze kichwa" kama vile ni jambo dogo, unakimbilia kwenye meza.

Unamkumbuka Baba alivyokuwa akisema nyumba imekuwa nyembamba? Alimlaumu fundi aliyejenga. Alimwita, akamwambia korido yako imepungua, na yule fundi wa watu akaja na kamba ya kupimia, akapima mbele yetu, akaondoka akitikisa kichwa. Tulicheka, mimi na wewe na Mama. Baba naye akacheka. Siku alipokubali kupelekwa hospitali alikuwa anakwenda kwa kupapasa ukuta.

Nenda ukapimwe macho. Usiende kwenye duka la miwani wakuuzie fremu. Nenda kliniki ya macho, waambie kuhusu Baba, wakupime presha ya macho, wakupime na pembeni. Hayo nimeyaandika upande wa kulia wa karatasi ili usije ukasema hukuyaona.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Nilikuandikia kurasa mbili kuhusu daktari wa meno anayetaka tovuti yake iwe nyeupe, lakini nyeupe ya meno, si nyeupe ya ukuta, na jinsi tulivyoshinda tukibadilisha nyeupe moja kwa nyingine mpaka msaidizi wake akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Ilikuwa barua nzuri, ningeichapa. Nimeichana. Hukuuliza habari za daktari wa meno.

Sijaenda.

Baba alikuwa mzee, na alikuwa na duka. Mtu wa duka anaweza kuuliza, ile sabuni iko wapi, akapewa. Mimi watu wananilipa niangalie, dada. Bwana Sogeza Kidogo ananilipa nikione hicho kidogo chake. Yule mwenye meno ananilipa nitofautishe nyeupe na nyeupe. Mwili huu mwingine wote ni wa kubebea macho tu mpaka kwenye kiti. Nikienda wakaniambia ni kile cha Baba, nitarudi nyumbani nikiwa fundi wa nini? Nimekaa peke yangu ofisini nimejifunika jicho moja, kisha la pili, nikitazama ukuta. Sitakuambia nilichokiona. Nisipokwenda, angalau leo bado ni mtu mwenye kazi.

Tangu yale ya mzee wa majeneza sijatafuta mteja mpya. Nimesema nimepumzika. Wifi yako hajui lolote. Usimwandikie, tafadhali.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sitamwandikia wifi. Lakini yeye ndiye anayefuta chai unayomwaga, kwa hiyo usiwe na uhakika sana na anachokijua.

Hukunitania hata mara moja kwenye barua nzima. Nimeogopa.

Nikuambie kitu, nawe ukisome polepole. Kilichokwishapotea hakirudi. Lakini kilichobaki kinalindwa, miaka na miaka, na wala si kwa kisu. Ni tone tu la dawa, jioni. Linachoma kidogo kama umeingiwa na sabuni, halafu baada ya muda unasikia uchungu nyuma ya koo, kama umelamba kidonge. Unakunywa maji, unasahau. Asubuhi unaamka na macho mekundu na watu wanadhani ulilia. Adhabu yenyewe ndiyo hiyo. Baba hakupata tone hata moja kwa sababu alikuwa anabishana na fundi wa korido.

Unaendelea kubishana na mlango mpaka lini? Nenda, kaka yangu. Nenda na ukaniudhi kwa vichekesho baadaye.

Dada yako


9 Juni

Dada mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena, na shikamoo ya tatu weka akiba.

Nimekwenda. Nilitaka kwenda kimya kimya, nikamwambia wifi yako nakwenda kuonana na mteja. Akavaa viatu. "Tunakwenda wote," akasema, "huyo mteja nimemsubiri sana." Njiani akaniambia kwamba tangu Januari anakiweka kikombe changu mkono wa kulia na kuisogeza stuli ya kushoto kila nikiinuka. Mimi nilidhani nimejifunza kutembea vizuri.

Kliniki walinikalisha mbele ya kitu kama bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya plastiki, wakanipa kitufe mkononi. Ukiona nukta ya mwanga, bonyeza. Dada, mimi ambaye maisha yangu yote nimewatengenezea watu vitufe! Nikabonyeza, nikabonyeza, kisha kukawa na ukimya mrefu. Nikadhani mashine imeharibika. Nikamuuliza muuguzi, "Mbona imesimama?" Akasema, "Haijasimama, baba. Endelea kuangalia." Hapo nikajua.

Ni kile cha Baba. Jicho la kushoto limeliwa sana upande wa nje, la kulia kidogo. Daktari ni mwanamke mfupi, hana papara. Nilimuuliza kwa nini basi sikuona giza, nilidhani upofu ni giza. Akasema panapokosekana, ubongo unapaka rangi ya jirani. Ukiwa unatazama ukurasa mweupe, unakujazia nyeupe. Kwa hiyo, dada, ule ukanda wa machungwa ubongo wangu wenyewe uliufuta kabla yangu. Ukuta nao umekuwa ukiufuta, na mlango. Nikamwambia huyo ubongo anafanya kazi nzuri kuliko mimi, hana hata mteja anayemwambia asogeze. Akacheka. Halafu akasema yale yale uliyoyasema wewe: kilichopotea, kilichobaki, tone la jioni.

Kazi sijaiacha. Sasa ukurasa naubana mpaka unakuwa mwembamba kama wa simu, wote unakaa palipo pazima. Kisha naiwashia kompyuta sauti inisomee kila neno lililomo, inasoma kama karani aliyekasirika, lakini haiachi kitu pembeni. Na nilimwendea mzee wa majeneza, nikamwambia ukweli, nikamwambia kama anataka mtu mwingine nitampa kila kitu bila maneno. Alikuwa anapiga randa. Akaninyanyulia mkono wa kushoto, vidole vitatu tu. "Viwili vilikwenda na msumeno," akasema. "Mteja haulizi vidole. Picha za mbao mpya utaniwekea lini?"

Sasa yaliyobaki. Daktari aliuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikasema nina dada mmoja, ananitosha kama kumi. Akasema na yeye lazima apimwe, na upesi, maana huwa kinatembea kwenye familia. Nilikuwa nimeshashika kalamu nikuandikie kwa ukali, kama ulivyoniandikia wewe.

Ndipo jioni wifi yako akanitilia tone la kwanza. Likachoma kama sabuni. Nikakaa. Baada ya muda nikasikia uchungu nyuma ya koo, kama nimelamba kidonge.

Hilo daktari hakuniambia. Kwenye karatasi ya dawa halipo, nimeipiga picha na kumfanya karani wangu wa kompyuta anisomee mara mbili. Dada, wewe uliujuaje huo uchungu?

Mdogo wako


3 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba zote tatu.

Barua yako imekaa mezani muda, nikiifunika na gazeti. Safari hii sina habari za jirani.

Mwaka wa sita sasa. Nilijua darasani. Nilikuwa naandika ubaoni, herufi za watoto, na mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, umeandika juu ya ukuta." Darasa zima likacheka, nikacheka nao, nikafuta ukuta kwa kitambaa. Niliondoka shuleni muhula huo huo. Kwenu nilisema nimechoka. Mliniandalia na sherehe.

Kwa nini sikusema? Nimejaribu kukuandikia sababu nzuri na zote zinafanana na za kwako za mwezi Mei, kwa hiyo zisome humo. Niliogopa mtaanza kunishika mkono kama tulivyomshika Baba, kunitangulia, kunikatia nyama kwenye sahani. Na wewe ulikuwa mzima, ukitania, nikasema basi, mmoja abaki bila hofu hii. Ningekuambia mwaka ule, ungepimwa mwaka ule, na hilo jicho la kushoto lingekuwa linaona zaidi ya hivi. Hilo nalijua. Usiniandikie kwamba hapana. Nikiwa tayari kuambiwa hapana nitakuomba.

Na huo mwandiko wangu ambao watu wanaufuata mpaka mlangoni! Naandika kwa rula, mdogo wangu. Naiweka chini ya kila mstari, naishusha, naandika, naishusha. Barua moja asubuhi nzima.

Sasa sikiliza, maana wifi ana mkono mzito, najua. Usilenge tone katikati ya jicho. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini iwe kama mfuko wa shati, tone liangukie mfukoni. Moja. Fumba, usikaze. Halafu bonyeza kwa kidole pembeni mwa pua, pale jicho linapoanzia, ukae hivyo kidogo. Dawa haishuki kooni, uchungu unapungua. Niliipata hiyo mwaka wa tatu kwa kuuliza. Wewe umeipata bure.

Kliniki yenu wana ile mashine ya bakuli, yetu imeharibika tangu mwaka jana na nimekuwa nikijiambia nitasubiri itengenezwe. Sitasubiri. Niombee siku kwa yule daktari mfupi. Nakuja mwisho wa mwezi, shuka zitolewe kabatini.

Tutakwenda kwa miguu, wewe na mimi. Wifi tumwache apumzike, amefanya zamu yake. Mimi nitapita upande wako wa kushoto, maana lililoliwa zaidi kwangu ni la kulia. Tukifika barabarani usinivushe, na mimi sitakuvusha. Tushikane mkono, kila mtu aangalie upande wake, na anayeona gari aseme.

Dada yako